Eirik Verås Larsen: kisa cha kiti kimoja cha Norwei

Tarehe 8 Agosti 2012, kwenye ziwa la kuchimbwa la Eton Dorney, magharibi ya London, Adam van Koeverden wa Kanada aliongoza sehemu kubwa ya fainali ya kayaki ya mtu mmoja, mita 1000 wanaume. Alikuwa bingwa wa dunia wa mwaka uliotangulia, mwenye miaka 30, na Olimpiki yake ya kwanza alikwisha kuondoka na dhahabu ya mita 500. Robo ya mwisho ya mbio kayaki ya Norwei ikamfikia ubavuni, ikampita, ikakata mstari sekunde 0.708 mbele yake. Kwa kasi waliyokuwa nayo, hiyo ni kama mita tatu na nusu ya maji.

Aliyekuwa ndani ya kayaki ile ni Eirik Verås Larsen, mwenye miaka 36. Taji hilo hilo alilitwaa Athens mwaka 2004, akanyang'anywa Beijing mwaka 2008, na sasa amelirudisha.

Ni rahisi kukisimulia kisa hiki kama habari ya ushupavu wa mtu mmoja, na ushupavu kweli upo. Lakini nimekirudia mara nyingi na kila mara naona kitu kingine kinachokishikilia: kanuni ndogo ya usajili wa washiriki, ambayo mtazamaji wa kawaida haioni. Kanuni hiyo ndiyo iliyomweka Larsen nje akiwa kijana, ndiyo iliyomfungulia mlango alipokomaa, na bila kuielewa hatuwezi kupima vizuri uzito wa medali zake.

Wapenzi wa riadha wa Afrika Mashariki watanielewa haraka. Tarehe 24 Agosti 2004, usiku wa Athens, Wakenya watatu walipanda jukwaa zima la mita 3000 kuruka viunzi na maji: Ezekiel Kemboi, Brimin Kipruto na Paul Kipsiele Koech. Riadha huruhusu nchi kuleta wanariadha watatu katika tukio moja, na nchi yenye kina kirefu cha vipaji inaweza kujaza jukwaa. Katika kayaki za Olimpiki za wakati ule haikuwa hivyo. Nchi moja, mashua moja kwa kila tukio. Hungaria na Ujerumani zingeweza kuwa na vijana wanne wenye uwezo wa kuingia fainali, lakini maji yangempokea mmoja tu. Wengine walibaki nyumbani, au waliingizwa kwenye mashua za watu wawili na wanne.

Kwa taifa kubwa la mchezo huo, kanuni hii ni hasara. Kwa Norwei, nchi yenye wakazi wasiofika milioni 5 wakati huo, ilikuwa neema. Norwei haikuhitaji kikosi. Ilihitaji mtu mmoja, lakini awe mtu kweli kweli. Ikampata, na alipoondoka ikampata mwingine.

Wa kwanza ni Knut Holmann, mzaliwa wa Bærum, kando ya Oslo, mwaka 1968. Bila yeye kisa cha Larsen hakisomeki. Barcelona 1992 alipata shaba ya mita 500, na kwenye mita 1000 akapigwa na Clint Robinson, kijana wa Australia, kwa sekunde 0.24. Miaka minne baadaye, Atlanta, akachukua dhahabu ya mita 1000 na fedha ya mita 500. Sydney mwaka 2000 akazitwaa zote mbili, ya pili ikiwa siku ambayo upepo mkali ulichelewesha fainali kwa saa kadhaa. Medali sita za Olimpiki katika michezo mitatu, zote akiwa peke yake ndani ya mashua. Mtu mwenye hesabu kama hiyo hapokonywi kiti na mdogo wake.

Mdogo wake ndiye Larsen. Alizaliwa tarehe 26 Machi 1976 huko Flekkefjord, mji mdogo wa bandari kusini magharibi ya Norwei. Karne nyingi zilizopita meli za Waholanzi zilikuja hapo kuchukua mbao, na hadi leo mtaa mmoja wa nyumba nyeupe za mbao unaitwa mji wa Waholanzi. Maji ya bahari yanaingia ndani kabisa ya nchi kati ya vilima, yakiwa yametulia kuliko bahari ya wazi. Ni mahali ambapo mtoto anajua kutumia kafi bila mtu yeyote kutangaza kwamba hiyo ni michezo.

Larsen alikuwa na miaka 24 Sydney ilipofika, umri ambao wapiga kafi wengi huwa tayari wameionja Olimpiki. Yeye hakuwa na hata moja. Van Koeverden alifika Athens akiwa na miaka 22. Larsen alifika huko huko, mara yake ya kwanza, akiwa na miaka 28. Pengo hilo la miaka sita naliona kuwa ndilo jambo la kwanza la kutazama katika kisa hiki. Kiti cha mtu mmoja cha Norwei kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe huyo alikuwa bora duniani. Katika riadha Larsen angepewa nafasi ya pili au ya tatu na kujifunza akiwa ndani ya uwanja. Katika mchezo wake, alikomaa nje ya Olimpiki.

Nisimame kidogo kwenye mashua yenyewe, kwa sababu kayaki ya mashindano haifanani na mtumbwi wa mvuvi. Urefu wake hauruhusiwi kuzidi sentimita 520, na uzito hauruhusiwi kupungua kilo 12. Ni nyembamba kiasi kwamba asiyezoea hupinduka kabla hata hajapiga kafi ya kwanza. Mpiga kafi ameketi akitazama omo, miguu imekunjwa kidogo, nyayo zikisukuma ubao wa mbele huku zikiendesha usukani mdogo. Kafi ina bapa mbili, moja kila upande, na tangu miaka ya 1980 bapa hizo zimechukua umbo la bawa, ubunifu uliotoka Uswidi. Nguvu haitoki mikononi kama watu wanavyodhani. Inaanzia mguuni, inapanda kiunoni, kiwiliwili kinazunguka, na mkono unakuwa kiungo tu cha kupitishia kazi iliyofanywa huko chini. Ndiyo maana majira ya baridi, maziwa yanapoganda, wapiga kafi wa Norwei huvaa skii na kwenda kujenga pumzi msituni bila kupoteza mengi.

Kuna badiliko moja linalowatenganisha Holmann na Larsen. Hadi Sydney kanuni zilidai kayaki ya mtu mmoja iwe na upana usiopungua sentimita 51 mahali fulani. Waundaji waliifuata kanuni kwa ujanja, wakitoa mabega membamba juu ya maji na kuacha sehemu inayogusa maji iwe nyembamba kadiri iwezekanavyo. Baada ya Sydney kipimo hicho kikafutwa. Mashua zikawa kama zilivyo leo, bila mabega yale. Larsen alichukua kiti cha nchi wakati ule ule kiti chenyewe kilipobadilika umbo, na kwa mtu ambaye mazoea yake hayakuwa yamegandia mashua moja kwa miaka kumi, nadhani hilo halikuwa jambo baya.

Basi Athens. Uwanja ulikuwa Schinias, karibu na Marathon, mahali palipojulikana kwa upepo. Bingwa wa dunia alikuwa Ben Fouhy wa New Zealand, aliyeshinda mwaka 2003. Tim Brabants wa Uingereza, daktari kwa taaluma na mshindi wa shaba nyuma ya Holmann kule Sydney, alikwenda kwa kasi ya kutisha katika mchujo. Fainali ilifanyika tarehe 27 Agosti. Larsen alimaliza kwa dakika 3, sekunde 25.897. Fouhy akaja sekunde 1.516 nyuma yake, van Koeverden akawa wa tatu, Brabants akaishia nafasi ya tano. Sekunde moja na nusu ni zaidi ya mita saba, yaani urefu wa mashua nzima na nafasi ikabaki. Fainali za mita 1000 haziachi pengo hilo mara nyingi.

Kwa wengi siku ingeishia hapo. Larsen alishuka tena majini siku hiyo hiyo, safari hii kwenye mashua ya watu wawili pamoja na Nils Olav Fjeldheim. Ilikuwa mita 1000 nyingine. Waswidi Markus Oscarsson na Henrik Nilsson walichukua dhahabu, na Waitaliano Antonio Rossi na Beniamino Bonomi, mabingwa wa Sydney, wakachukua fedha. Norwei ikapata shaba. Bonomi ndiye aliyemaliza nyuma ya Holmann mwaka 1996 kwenye mita 1000, na Rossi ndiye aliyemshinda Holmann huyo huyo kwenye mita 500. Larsen aliwakuta majini watu waliokuwa wamepambana na mtangulizi wake, na akamaliza mgongoni mwao akiwa na mwili ambao ulikuwa umeshafanya fainali moja. Shaba hii haitajwi sana, nami naona inastahili zaidi ya inavyopewa. Norwei iliondoka Athens na medali sita, dhahabu tano na shaba moja. Mbili kati ya sita hizo zilipita mikononi mwa mtu mmoja, tena siku moja.

Mita 1000 zinatesa kwa namna yake. Dakika tatu na nusu hivi ni ndefu mno kwa mtu kuimaliza kwa nguvu za kuchomoka tu, na ni fupi mno kwa mtu kujipanga taratibu kama kwenye mbio ndefu. Sehemu kubwa ya kazi inaendeshwa na hewa unayovuta, kwa hiyo moyo na mapafu ndiyo mtaji. Mashua zinaanza kutoka kwenye utulivu kamili, na mapigo ya mwanzo ni ghali sana. Anayetumia zaidi hapo atalipa baada ya mita 600. Hakuna kujificha nyuma ya mwenzako kama waendesha baiskeli wanavyofanya, maana kila mmoja ana njia yake na kulifuata wimbi la jirani ni kosa. Kila mtu anabeba mbio zake mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho.

Beijing ilikuja na somo tofauti. Kwenye ziwa la Shunyi, Brabants, ambaye tayari alikuwa bingwa wa dunia wa mwaka 2007, aliongoza na hakushikika: dakika 3, sekunde 26.323, dhahabu ya kwanza ya Uingereza katika mbio hizi za mashua. Larsen alimaliza sekunde 1.019 baadaye. Nyuma yake, kwa sekunde 0.143 tu, alikuwapo Ken Wallace wa Australia. Van Koeverden, ambaye wengi walimpa nafasi kubwa, aliishia wa nane.

Sekunde 0.143 ni karibu sentimita 70. Wallace hakuwa mpinzani wa kubahatisha, kwani ndiye aliyetwaa dhahabu ya mita 500 siku iliyofuata. Larsen alikuwa na miaka 32, amepoteza taji, na amenusurika kushuka hadi shaba kwa umbali ambao mkono wa mtu mzima unaufikia. Wapo waliofunga daftari hapo, na kwa sababu nzuri. Angeondoka na dhahabu, fedha na shaba, kila rangi moja, na hakuna ambaye angemlaumu.

Miaka iliyofuata haikumpa sababu za wazi za kubaki. Mwaka 2009 Max Hoff wa Ujerumani akawa bingwa wa dunia wa mita 1000, mwaka 2010 akarudia, na mwaka 2011 bingwa akawa van Koeverden. Shirikisho la kimataifa likaondoa mita 500 za wanaume katika Olimpiki na kuweka mita 200 mahali pake. Kwa watu waliozoea kugawa nguvu zao kati ya mita 500 na 1000, kama van Koeverden, ilibidi kuchagua: wajenge misuli ya kuchomoka kwa mita 200, au wahamie mzima mzima kwenye mita 1000. Van Koeverden alihamia. Maana yake ni kwamba mita 1000 za London zilikuwa na watu walioziandalia miaka yao yote, si wapita njia. Larsen hakuhama popote. Mbio zake zilibaki zile zile, na wengine ndio waliozifuata alipo.

Kwa hiyo nikirudi kwenye ile fainali ya London, naiona hivi. Van Koeverden alifanya alichokuwa akikiweza vizuri kuliko wote, akaenda mbele mapema na kuwalazimisha wengine wamfukuze. Hoff alikuwapo. Brabants, bingwa mtetezi, alikuwapo pia, na akamaliza wa nane. Larsen hakujibu mapema. Alisubiri mpaka deni la mwanzo wa kasi lianze kudaiwa, akapita, akamaliza kwa dakika 3, sekunde 26.462. Van Koeverden 3:27.170, Hoff 3:27.759. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Norwei katika michezo ile, na timu ya wanawake ya mpira wa mikono ikaongeza ya pili siku tatu baadaye.

Yuko Mkenya aliyepita njia hiyo hiyo karibu kwa tarehe. Ezekiel Kemboi, dhahabu Athens, nafasi ya saba Beijing, kisha dhahabu tena London tarehe 5 Agosti 2012, siku tatu kabla ya Larsen. Hata Athens zilikuwa siku tatu kati yao. Wawili hawa walikaa miaka minane wakilizunguka taji moja, na wote wawili walilipata tena. Tofauti ni kwamba Kemboi alilazimika kwanza kupenya kati ya Wakenya wenzake ili apate tiketi. Larsen, baada ya Holmann kuondoka, hakuwa na msukosuko wa namna hiyo nyumbani. Msukosuko wake wote ulikuwa nje.

Tazama muda wa fainali zake tatu: 3:25.9, 3:27.3, 3:26.5. Kutoka miaka 28 hadi 36, kwenye maziwa matatu ya mabara mawili, tofauti kati ya bora na mbaya zaidi haifiki sekunde moja na nusu. Muda wa mashua hauwezi kulinganishwa moja kwa moja, maana upepo na maji hubadilika, na Holmann mwenyewe alishinda Sydney kwa zaidi ya 3:33. Lakini mfululizo huo unaniambia jambo. Larsen hakufifia Beijing kisha akafufuka London. Alikuwa mtu yule yule mara zote tatu. Beijing kulikuwa na mtu mmoja aliyemzidi siku hiyo, London hapakuwa na wa kumzidi. Siafiki wanaoiita London miujiza ya mzee. Mwili uliojengwa polepole na kuchelewa kuanza ulikuwa bado haujaisha, basi.

Hapo ndipo linapokuja swali gumu, na sitaki kulikwepa. Je, kanuni ya mashua moja ilimbeba? Kati ya mwaka 1996 na 2012 kulikuwa na fainali tano za mita 1000 za mtu mmoja. Norwei ilishinda nne na kuwa ya pili katika iliyobaki. Hakuna nchi ya ukubwa ule inayotawala tukio la Olimpiki hivyo pale ambapo wakubwa wanaweza kuleta watu wawili watatu. Sasa kanuni imebadilika, na Tokyo nchi ziliruhusiwa mashua mbili. Hungaria ilichukua dhahabu na fedha kwa mkupuo, Bálint Kopasz akifuatwa na Ádám Varga. Paris 2024 Wahungaria hao hao walikuwa tena jukwaani pamoja. Hicho ndicho kina kilichokuwa kimefichwa nyuma ya kanuni ya zamani.

Upande wa Norwei, baada ya London haijapata medali yoyote ya kayaki katika Rio, Tokyo wala Paris. Nchi hiyo iliwahi kushinda dhahabu ya mashua ya watu wanne, Mexico 1968, kwa Steinar Amundsen, Tore Berger, Egil Søby na Jan Johansen, na watu hao hao wanne wakapata shaba miaka minne baadaye. Mashua ya wanne inahitaji wanne wa kiwango kimoja kwa wakati mmoja. Mashua ya mtu mmoja inaweza kusimama juu ya mtu mmoja, na kwa miaka ishirini ilisimama juu ya wawili waliopokezana. Walipokwisha, nyuma yao hapakuwa na foleni.

Kwa hiyo ndiyo, kanuni iliisaidia Norwei. Kwamba ilimsaidia Larsen mwenyewe, sikubali kwa urahisi. Kanuni hiyo hiyo ilimla Olimpiki moja, pengine miaka yake ya nguvu nyingi kuliko zote. Waliomaliza nyuma yake hawakuwa wa pili wa nchi zao. Walikuwa Fouhy, van Koeverden, Hoff, mabingwa wa dunia wote watatu. Na Paris imetuonyesha jambo jingine: mbele ya Varga na Kopasz, mashua mbili za Hungaria zikiwa majini kwa pamoja, alimaliza Josef Dostál wa Ucheki, aliyekuwa na fedha ya Rio na miaka minane ya kusubiri nyuma yake.